Sinia la Bamia na Tembo wa Mkwaja

Karai la Mzee Himyar lilipandwa mrihani siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, bila mwenyewe kuulizwa. Alipotoka kwenda kununua gazeti lilikuwa karai. Aliporudi lilikuwa bustani. Bi Fakhria, mkewe wa ndoa ya miaka arobaini na minne, alikuwa amelitoboa matundu matatu kwa msumari, amelijaza udongo, na sasa alilimwagia maji kwa kikombe, taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa uji.

"Mama Nawaf," Himyar alisema akiwa bado mlangoni, "hilo ni karai langu la bajia."

"Lilikuwa."

"Nililinunua mwaka niliopandishwa cheo bandarini!"

"Basi na mrihani nao utapanda cheo. Ingia ndani, unatuingizia nzi."

Chanzo cha yote kilikuwa karatasi ya kliniki. Sukari ilikuwa imeanza kuchungulia, presha imepanda ngazi mbili tatu, na mafuta yaliyokutwa kwenye damu ya Himyar, kwa hesabu za Bi Fakhria, yangetosha kukaangia kachori za harusi nzima na ya kesho yake. Daktari, binti mpole mwenye miwani, alisema vitu vya kukaanga basi. Himyar aliwatangazia watu nyumbani kwamba daktari amemshauri "apunguze kidogo." Alichosahau ni kwamba Bi Fakhria alikuwa amekaa kiti cha pili palepale kliniki, na masikio yake hayajawahi kustaafu.

Sasa, mtu mwingine akinyang'anywa karai hulia siku moja akanyamaza. Lakini kwa Himyar mambo yalikuwa mazito, kwa sababu ya sheria ya sinia.

Ng'ambo ya njia, palepale Barabara ya Tisa, Ngamiani, mbele ya nyumba ya Mwinyijuma aliyekuwa fundi cherehani, kuna baraza la saruji lililolainika kwa kukaliwa. Kila Ijumaa baada ya alasiri hukaa hapo wazee wanne: Mwinyijuma mwenye baraza, Himyar, Tadeo, aliyekuwa fundi wa mashine kwenye shamba la mkonge hadi mkono wake wa kulia ukawa mgumu kuliko spana, na Mwalimu Ernesti, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na bado huwaita wenzake "nyie wa nyuma huko." Kahawa ni ya Mwinyijuma. Kitafunio huletwa kwa zamu. Na hapo ndipo sheria inapoingia.

Kitafunio lazima kipikwe nyumbani kwa mwenye zamu, si cha kununua. Tangu sinia linapowekwa barazani mpaka linapoondolewa kwa adhana ya magharibi, mwenye sinia hali chake, hakisifu, wala hafungui mdomo ila kwa kunywa kahawa. Sinia likirudi kwake tupu, mkutano ni wake: atasema atakalo na hakuna wa kumkatiza. Likirudi na kitu, hata punje moja, mwenyewe hasemi neno barazani mpaka zamu yake izunguke tena. Ijumaa nne nzima. Tadeo aliwahi kuleta mihogo ya kuchemsha aliyoisahau chumvi, akafungwa mdomo mwezi mzima. Wanasema kufikia wiki ya tatu alianza kuzungumza na baiskeli yake, na kufikia ya nne baiskeli ilikuwa imeanza kumjibu.

Na nani alitunga sheria hii? Himyar mwenyewe. Aliitunga siku alipomkamata Mwinyijuma akipakua kwenye sahani yake bajia za kununua, zikiwa bado na kipande cha gazeti kimenata. Alikuwa na karai wakati ule. Mwenye karai hutunga sheria bila woga.

Zamu yake ilikuwa Ijumaa inayokuja. Na kisa chake hakijaisha.

Kisa chenyewe kilikuwa cha tembo wa Mkwaja. Himyar alikuwa amekianza Ijumaa tatu nyuma: jinsi alivyokuwa kijana, ametumwa Mkwaja kufuata nazi, na asubuhi moja tembo akatoka zake porini upande wa Saadani, akapita katikati ya kijiji bila kumwangalia mtu, akaenda moja kwa moja kwenye duka la mama mmoja akiitwa Semeni. Wiki ya kwanza tembo alipita kijijini. Wiki ya pili alipanga foleni. Wiki ya tatu, adhana ikiwa inakaribia, Himyar alimwacha ameweka miguu ya mbele kizingitini na mkonga wote uko ndani ya duka. Hapo akanyanyuka, akapangusa kanzu, akaenda zake kuswali.

"Ukifungwa mdomo," Mwinyijuma alimwambia Jumapili, alipoona mrihani ndani ya karai na kuelewa mambo yalivyokaa, "hicho kisa nakimaliza mimi. Na nakwambia mapema, yakhe: kwangu mimi yule si tembo. Ni ng'ombe aliyekata kamba."

"Ng'ombe!"

"Mwekundu. Mwenye kwato mbovu."

Himyar hakulala vizuri usiku ule. Miaka hamsini alikuwa akimlea tembo yule, akimwongezea uzito kidogo kila mwaka, na leo ageuzwe ng'ombe kwa ajili ya kukosa bajia!

Jumatano asubuhi alikwenda sokoni Mgandini, kwa Yudith, mama wa Kisambaa anayeshusha mboga kutoka Amani, mikono yake haijawahi kuonekana mitupu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nataka kitu kinachovunjika mdomoni kraa, chenye chumvi, cha kumfanya mtu asiache, na hakijaguswa na karai."

"Babu, hicho ni biskuti."

"Cha mboga!"

Yudith alimwangalia kama anayempima, kisha akaokota bamia moja, akaivunja ncha kwa kidole gumba. Tik. "Hizi. Mimi wanangu nawachomea. Changa tu, zinazokatika ncha namna hii, ikipinda, rudisha. Unapasua kati kwa urefu, limao, chumvi, bizari kidogo, unazikausha motoni mpaka zigonge zenyewe kwa zenyewe kama kuni."

"Bamia igonge kama kuni? Bamia ninayoijua mimi mlenda wake unaweza kufunga nao meli."

"Ndiyo maana nakwambia ukaushe, babu. Kilo ngapi?"

Alirudi na kilo tatu, moja ya kujifunzia, moja ya kuharibu, na moja ya Ijumaa. Bi Fakhria alizipokea kwa kuinua nyusi. Masharti yake aliyatoa hapohapo, akiwa ameegemea mlango wa jikoni. Chupa ya mafuta ilikuwa kabatini mwake, katikati ya kanga. Kijiko kimoja cha chai kingetoka kwa siku, naye ndiye angekipima. Jiko lake la keki alimruhusu kulitumia. Msaada, hapana.

"Zamu yako, sinia lako," alisema. "Mimi naangalia tu. Televisheni imeharibika."

Jiko la keki la Bi Fakhria halikuwa oveni. Lilikuwa sufuria nzito iliyokaliwa na mchanga mkavu chini, mfuniko wa bati juu, na makaa ya moto pande zote mbili, chini na juu ya mfuniko. Keki zote za Idi za nyumba ile zilitoka humo. Himyar alikuwa amezila miaka arobaini na minne, akadhani kula ni sawa na kujua. Alipanga bamia kwenye kisahani cha bati ndani ya sufuria, akapalia makaa juu ya mfuniko mpaka ukawa mwekundu, akaketi kusubiri, huku akijitungia moyoni jinsi atakavyomfanya tembo agune.

Moshi ulivuka barabara kabla hajafunua. Mwinyijuma akatokea, pua mbele.

"Hodi! Nimesikia harufu ya mtu anayepaka meli lami."

Himyar alifunua. Bamia zilikuwa nyeusi, ngumu, zimejikunja kama misumari iliyong'olewa. Mwinyijuma alichukua moja, akaigongesha ukutani. Ikatoa sauti ya chuma.

"Kuna watu wangekupa pesa nzuri kwa hizi," alisema. "Fundi viatu, kwa mfano."

"Nenda zako nyumbani, Mwinyijuma."

"Nakwenda." Alifika mlangoni, akasita, akajifanya anafunga kiatu, na kiatu chenyewe kilikuwa kandambili. "Hebu... lile duka la huyo mama wa Mkwaja. Lilikuwa na mlango mmoja, au miwili?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu. Ng'ombe wangu lazima apite mahali."

Alhamisi Himyar alipunguza makaa. Kosa lake siku ile lilikuwa la usafi. Alizipasua bamia kwanza, halafu akaona kimchanga, akazitia kwenye beseni la maji akazisugua kwa bidii yote ya mtu aliyewahi kusimamia kazi. Alipoinua mkono, beseni liliinuka nao. Bi Fakhria, aliyekuwa ameapa kutazama tu, alicheka mpaka akakaa chini kwenye mbuzi ya nazi, na kwa bahati alikaa upande usio na meno.

"Baba Nawaf," alisema akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, "huko bandarini walikulipa kwa kazi gani hasa?"

"Cheka. Kesho mume wako ni bubu."

"Ijumaa nne za kimya?" Bi Fakhria alitazama dari kama anayeoneshwa pepo. "Ee Mola, wewe ndiye mwenye kutoa."

Lakini aliposimama aliangalia mikono ya mumewe, inayoning'inia mlenda hadi viwikoni, na uso wake uliokuwa umeshuka kweli, si kwa mchezo, akakumbuka kitu. Mwaka ule Nawaf alipougua surua, akiwa na miaka mitano, hakula siku tatu, na kilichomlisha ni tembo yule. Kijiko kimoja cha uji, hatua moja ya tembo. Tembo alikuwa mdogo wakati huo, si zaidi ya ng'ombe mkubwa. Bi Fakhria alimeza kicheko kilichobaki.

"Unaziosha zikiwa nzima," alisema, akiangalia pembeni, kana kwamba anazungumza na ukuta. "Kisha unazifuta, moja moja, mpaka kitambaa kitoke kikavu. Halafu ndiyo kisu."

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu. Naangalia televisheni."

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Himyar alijifungia jikoni. Aliosha bamia zikiwa nzima. Alizifuta moja moja kwa kitambaa, kama anayefuta watoto makamasi, bamia mia mbili na kitu, na alipochoka kuhesabu akaanza kuzipa majina. Alizipasua. Alizikamulia limao, akazinyunyizia chumvi, bizari na pilipili manga, akasugua kile kijiko kimoja cha mafuta mpaka kila moja ikapata haki yake. Makaa aliyapalia kidogo juu, kidogo chini. Hakukaa. Alisimama, akafunua, akageuza, akafunika, akafanya hivyo kwa mafungu matano, na fungu la mwisho lilipotoka zilikuwa za kahawia pembeni, kijani iliyoiva katikati, na alipotikisa kisahani, wallahi, zilizungumza. Alikula moja. Kraa. Akala ya pili kuhakikisha ya kwanza haikudanganya. Ya kumi na moja ilikuwa mdomoni wakati adhana ya alasiri ilipompata. Alizimwaga zote kwenye ungo zikiwa za moto, akatoka mbio kwenda msikitini na jivu kwenye nyusi.

Bi Fakhria aliingia jikoni. Alionja moja, kwa ajili ya uchunguzi. Uchunguzi ulichukua saba. Kisha alisimama pale, mkono kiunoni, akifikiri. Mwanamume amehangaika siku tatu. Mwanamume amefuta bamia mia mbili. Na chakula chake kiende kwa wageni kimepoa kwenye ungo, kama mahindi ya kuku? Mama yake angefufuka. Katika nyumba yao, tangu bibi na bibi wa bibi, kitu kinachovuka kizingiti kwenda kwa watu huvuka kikiwa cha moto, kimefunikwa, au hakivuki kabisa.

Akatoa hotpoti. Si ile ya kila siku. Ile kubwa yenye maua ya dhahabu, aliyoletewa na dada yake Buthaina kutoka Maskati, iliyotoka kabatini mara tatu tu, na mojawapo ilikuwa harusi. Akazitia bamia zote zikiwa bado zinatoa joto, akakaza mfuniko mpaka ukalia, akaifunga kwa taulo jeupe.

Himyar aliporudi akaikuta juu ya sinia. Alisimama. Akaitazama hotpoti, akamtazama mkewe aliyekuwa anajidai anapanga vikombe.

"Ya Maskati?"

"Ilikuwa inashika vumbi."

Wala hakuifungua, kwa sababu mtu mwenye adabu hafungui hotpoti njiani akapoteza joto. Watu wawili wenye umri wa miaka mia moja na arobaini kwa pamoja, wenye akili zao, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mvuke wa bamia za moto, zikifungiwa namna ile, utakwenda wapi.

Ulikwenda kwenye bamia.

Barazani, Himyar aliweka sinia chini kwa madaha, akafungua taulo mkunjo mmoja mmoja, akafungua mfuniko. Wingu dogo likapanda. Mwinyijuma akainama, Tadeo akainama, Mwalimu Ernesti akavua miwani iliyoingia ukungu. Himyar akamimina. Bamia hazikuanguka, ziliteremka. Zikatua kwenye sinia kwa sauti ya kitambaa cha deki, zikalaliana, zimelegea, zimelowa, zikitoa jasho.

Himyar alifungua mdomo, akakumbuka sheria, akaufunga.

Tadeo, kwa huruma ya mtu aliyewahi kufungwa, alijaribu moja. Alitafuna muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Ina... limao," alisema.

"Mimi nitakula nyumbani," alisema Mwalimu Ernesti.

Mwinyijuma hakugusa. Alijinyoosha, akaegemea ukuta, akajimiminia kahawa kama bwana harusi. "Basi jamani, yule ng'ombe wa Mkwaja—"

Himyar aligonga sinia kwa vidole. Akaonesha sinia, akaonesha nyumba yake ng'ambo, akatikisa kidole hewani: la, la, la. Akaonesha tena sinia, akaonesha barabara. Alikuwa akipunga mikono yote miwili kama siku za bandarini akiongoza winchi.

"Anasema nini?" aliuliza Tadeo.

"Anasema amekata tamaa," alisema Mwinyijuma.

"Hapana, nyie wa nyuma huko, tulieni." Mwalimu Ernesti aliinua kidole. "Anauliza swali la msingi. Sheria inasema sinia *likirudi* na kitu. Je, limerudi? Halijarudi. Liko hapa. Mpaka adhana, hukumu haijatoka."

Himyar aliitikia kwa kichwa kwa nguvu mpaka kofia ikahama.

"Lisirudi, likae, litoe mizizi," Mwinyijuma alisema. "Nani atakula zile? Mwiteni mwenye bata."

Lakini mikono ya Himyar ilikuwa imeonekana mbali. Dirishani, Bi Fakhria alikuwa ameona bamia zinavyoteremka, na hapohapo akajipiga paji la uso. Mlango ukafunguka. Akatoka na mtandio wake mweusi, jiko la mkaa mkono mmoja likiwa linawaka, sufuria ya keki mkono mwingine, koleo kwapani. Pikipiki mbili zilisimama zenyewe kumpisha.

"Shemeji," Mwinyijuma alianza, "hapa ni baraza la wanaume, na kwa heshima zote—"

"Shemeji Mwinyijuma, sogeza miguu."

Akasogeza.

"Kosa ni langu," Bi Fakhria alisema, akichuchumaa, akitega sufuria juu ya jiko. "Yeye alizitoa motoni zikiwa kavu kama kuni. Mimi ndiye niliyezitia hotpoti. Nimezipika upya kwa mvuke wake zenyewe." Alimwangalia mumewe. "Na wewe husemi kitu hata leo?"

Himyar alionesha mdomo wake, akaonesha sinia, akainua mabega. Miaka arobaini na minne Bi Fakhria alikuwa akiomba kimya kile, na kilipokuja kilimchoma kama mwiba.

Akazikusanya bamia, akazitandaza, akafunika, akapalia makaa juu. "Robo saa," alisema, na akaanza kupepea kwa kipepeo cha ukili.

Robo saa ni ndefu barazani pasipo na msemaji. Mwinyijuma akaona nafasi yake.

"Basi huyo ng'ombe. Mwekundu. Akafika dukani kwa Semeni, akatia mguu mmoja kizingitini."

"Na mkonga?" aliuliza Tadeo. "Wiki iliyopita ulikuwa umeshaingia ndani."

"Si mkonga. Ilikuwa kamba. Ya shingoni."

"Kamba ilikuwa inanusa mapipa," Mwalimu Ernesti alikumbusha. "Tuliambiwa ilinusa pipa la kwanza, ikanusa la pili."

"Upepo ulikuwa unaipeperusha!" Mwinyijuma alikunywa kahawa, akakohoa. "Akaingia. Akaona... hakuona kitu. Mwenyewe akaja, akamshika pembe. Wakarudi nyumbani."

Himyar alikuwa amefumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Tadeo alikuna goti. Hata Mwinyijuma aliangalia kikombe chake akionekana kama mtu aliyefungua zawadi akakuta boksi tupu.

"Ndiyo imekwisha?" aliuliza Tadeo.

"Ndiyo," alisema Mwinyijuma, kwa unyonge. "Ng'ombe hana mengi."

Harufu ndiyo iliyowaokoa. Bizari ilianza kupanda, na nyuma yake limao lililoungua kidogo, na nyuma ya limao kitu kitamu cha moshi ambacho hakuna aliyejua jina lake. Bi Fakhria alifunua, akatikisa. Zikagongana. Safari hii hakutia mahali pa kufunika; alizimwaga wazi kwenye sinia, chini ya upepo.

"Msisubiri zipoe, msisubiri kualikwa," alisema. "Hewa ya hapa kwetu itazilowesha tena."

Tadeo alitangulia. Kraa. Akasita, akashika nyingine, na nyingine kwa mkono wa pili. Mwalimu Ernesti alichukua mbili kwa uchunguzi, kisha akaacha kuhesabu, yeye aliyehesabu kila kitu. Mwinyijuma alijizuia mpaka mshipa ukamtoka shingoni. Halafu akachukua moja ndogo, ya kando, kwa ncha za vidole, kama anayeokoa kitu kilichoanguka. Kraa. Baada ya hapo hakuna aliyemwona mkono wake, ulikuwa unakwenda na kurudi tu. Sinia lilianza kung'aa chini.

Likabaki na bamia moja.

Iko katikati, iliyonyooka, ya rangi nzuri kuliko zote. Na hapo mikono ikarudi mapajani. Kwa maana hao walikuwa watu waliolelewa, na mtu aliyelelewa hachukui cha mwisho sinini; humwachia mwenzake, na mwenzake humwachia mwenzake, mpaka chakula cha mwisho hulala njaa peke yake.

"Karibu, Mwalimu," alisema Tadeo.

"Hapana, karibu wewe."

"Nimeshiba. Shemeji?"

"Mimi ni wa nyumba ya mwenye sinia," alisema Bi Fakhria. "Siruhusiwi." Alikuwa ameacha kupepea.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mabati. Muadhini, msikitini pale jirani, alisikika akikohoa kwenye kipaza sauti, kama afanyavyo kila siku kabla ya kuanza. Himyar aliitazama bamia. Bamia moja. Ijumaa nne, na tembo hatakuwa na kwao.

Mwinyijuma naye aliitazama. Akamtazama Himyar. Akatazama barabarani.

"Ile siku," alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, "alikuwa anatafuta nini humo dukani?"

Himyar aliinua macho, akayashusha polepole mpaka kwenye bamia, akayaacha hapo.

Kipaza sauti kikakwaruza.

"Kwa laana ya karai lako," alisema Mwinyijuma, akainyakua bamia, akaitia mdomoni nzima. Kraa! Muadhini akaanza.

Waliitikia adhana, wote watatu wenye kuitikia, na wale wengine wawili wakasubiri kwa adabu. Ilipokwisha, sinia lilikuwa tupu, limebaki na alama za vidole tu.

"Dakika tatu kabla ya kukimu swala," alisema Mwalimu Ernesti. "Mkutano ni wako."

Himyar alisafisha koo lililokuwa na kutu ya alasiri nzima. "Basi," akasema, "tembo akazungusha mkonga dukani. Akanusa pipa la mafuta ya kula. Akageuza uso. Semeni akamwambia, chukua tu baba, leo nakupa bure. Tembo akatikisa masikio: siwezi, mama, nimekatazwa. Maana tembo yule, msimwone mkubwa vile, alikuwa na presha, na mke wake alikuwa amesimama nje ya duka akimsubiri—"

"Mwongo mkubwa," alisema Mwinyijuma, na akasogea karibu.

"—amesimama nje, mwili kama nyumba ya ghorofa, na mrihani umepandwa kichwani. Tembo akashusha mkonga mpaka pembeni, chini kabisa, kwenye kapu la bamia."

Bi Fakhria alikuwa ameshanyanyua jiko lake kuondoka. Akalirudisha chini.

"Mwili kama nini?" aliuliza.